Komande ya mteja isikae kichwani

Maoni ya agronome



Tukikutana, mazungumzo yetu yanaenda sikuzote kwa mambo matatu: mbegu, barabara na bei. Ni mambo ya kweli, na barabara zetu munazijua kuliko mimi. Lakini kuko jambo la nne ambalo hatulipatii nafasi kwenye mkutano: ginsi depo zetu zinavyopokea komande ya mteja, zinavyoitayarisha na zinavyoifikisha mikononi mwake. Maoni yangu ni kwamba koperative ndogo nyingi za hapa kwetu Kivu ya Kusini hazipotezi wateja juu ya bei. Zinawapoteza katikati ya siku ile mtu wa depo alisema "ndiyo, mama, utapata" na siku ile mama alingoja asione kitu. Dawa ya ugonjwa huo si ya dola nyingi. Ni kaye, mizani, ubao, na mapatano ambayo watu wanayashika.

Ninasema juu ya depo yenye watu wawili ao watatu. Mmoja anapokea, mmoja anapima, mmoja anasukuma mizigo na kupeleka. Wateja wao ni restora za Bukavu, shule yenye interna, butiki za kata, na mama wenye meza Kadutu ao Nyawera. Hakuna ofisi kubwa, hakuna motokari ya koperative. Depo za namna hii njo nyingi kwetu, na ndizo zinabeba mavuno ya Kabare, ya Walungu, ya Kalehe, hata nanasi za Idjwi zinapovuka ziwa.

Komande inapotelea wapi

Angalia milango ambayo komande inaingilia. Mteja wa kwanza anapiga telefone kwa prezida wa koperative, kwa sababu ndiye anayemjua. Wa pili anamwandikia mtunza depo kwa WhatsApp saa tatu ya usiku. Wa tatu anamsimamisha mhasibu kisha ibada: "Unipangie mifuko mbili ya maharagi, siku ya tano nitakuja kuchukua." Wa nne anamwambia motari aliyemletea mzigo wa wiki iliyopita. Wote wanne wamejibiwa ndiyo, na hakuna aliyewadanganya. Kila mmoja aliyesema ndiyo aliona mifuko ndani ya depo kwa macho yake. Tu ni mifuko ileile imeahidiwa watu wanne.

Siku ya tano ikifika, aliyeamka mapema anapata yote. Wa pili anapata nusu. Wa tatu anaambiwa arudi kesho. Wa nne, mama wa restora, hagombani na mtu. Anakwenda sokoni Kadutu kwa mchuuzi. Mchuuzi yule pengine anauza juu kidogo, lakini yuko pale kila asubuhi, na sufuria ya restora haiwezi kupika ahadi. Mwezi unaofuata mama hapigi tena telefone. Na depo haitajua sababu, kwa maana mteja anayeondoka haagi.

Kisha ugonjwa unashuka mpaka shambani. Maharagi yaliyokosa mteja yanalala depo. Mwanachama aliyeleta mavuno yake ya sizoni A mwezi wa kwanza bado anangoja pesa yake mwezi wa tatu, na mtoto wake wa segondere anarudishwa nyumbani juu ya pesa ya masomo. Sizoni B ikifika, mwanamke huyu anamuuzia mchuuzi aliyekuja mpaka kiwanjani kwake na pesa mkononi. Kwenye mkutano tunamwita muuza pembeni, tunamtisha na faini. Mimi ninaona kwamba mbele ya kumuuliza yeye, tuiulize kwanza depo: komande ngapi uliahidi, na ngapi ulifikisha?

Kompyuta si mahali pa kuanzia

Wengi wakisikia haya wanajibu: "Basi partenere atupatie kompyuta na programu ya stoki." Ninafanya kazi upande wa wale wanaoleta misaada, na ninajua kwamba neno ninalosema halitapendeza wote. Tusianze na kompyuta.

Programu inajua tu kile umeiandikia. Kama prezida amesema ndiyo kisha ibada na hakumwambia mtu, kompyuta nayo haitajua. Kosa lililokuwa kichwani linabaki kichwani, na juu yake munaongeza mashini ya kulinda. Kisha kuko umeme: vijiji vyetu vingi havina, na betri ya jua iliyowekwa kwa ajili ya taa haibebi kompyuta mchana kutwa. Kisha kuko mtu. Kijana mmoja anafundishwa programu, anapata kazi mjini, anakwenda nayo maneno ya siri. Wanaobaki wanatazama kioo cheusi.

Lakini sababu inayonigusa zaidi ni nyingine. Kaye iliyo wazi juu ya meza, mwanachama yeyote anayejua kusoma anaingia na kuiangalia. Mashini inasomwa na mmoja. Katika butiki ya mtu binafsi hilo si neno, mali ni yake. Katika koperative mali ni ya wote, na kile ambacho mmoja tu anaona kinaleta manung'uniko hata kama hakuna aliyeiba.

Vitu saba vya bei ndogo

1. Mlango mmoja. Chagueni mtu mmoja wa kupokea komande, na namba moja ya telefone. Namba hiyo iwe ya koperative, si ya mtu. Mtunza depo akibadilishwa, kadi inabaki depo. Prezida anaweza kusalimia wateja anavyotaka, lakini jibu lake kwa komande liwe moja: "Asante mama, piga kwa namba ya depo." WhatsApp si mbaya. Kila siku ya Mungu jioni munaweza kutumia wateja orodha ya vitu vilivyoko na bei, na hiyo haigharimu hata franka mia tano. Lakini neno "ndiyo" linatoka tu kwa yule mwenye kaye mbele yake, na anaandika kwanza, anajibu nyuma. Akiwa mgonjwa, kuko wa pili aliyejulikana, na kaye ni ileile.

2. Kaye ya boni. Karatasi tatu na kaboni: moja ya mteja, moja inakwenda na mzigo, moja inabaki. Zile zilizochapwa zinapatikana kwa wauza vitabu na karatasi. Zikikosekana, kaye ya shule na rula vinatosha. Kwa kila boni muandike namba, tarehe, jina la mteja na telefone yake, kitu gani na cha namna gani, kilo ngapi, bei na ni pesa gani, siku ya kupeleka, mahali, na avansi iliyotolewa. Neno "namna gani" lisirukwe. "Maharagi" peke yake si komande. Maharagi ya mchanganyiko hayaivi pamoja; nyingine inapasuka wakati nyingine ingali ngumu, na mama wa restora anamaliza makaa yake akingoja. Kama aliomba ya rangi moja, muandike rangi. Namba zifuatane, na karatasi isikatwe kamwe. Komande iliyovunjika inapigwa mstari na inabaki palepale.

3. Ubao wa stoki huru. Hiki njo kitu kikubwa kuliko vyote, na kinaomba ubao mweusi na chaki tu. Kwa kila chakula muchore sehemu tatu: iliyoko, iliyoahidiwa, iliyo huru. Tuseme depo iko na kilo 600 za maharagi, na boni za wiki zimekwisha kuahidi kilo 450. Iliyo huru ni kilo 150. Mama akiomba kilo 200, mtunza depo haangalii mifuko iliyopangwa ukutani, anaangalia 150. Anajibu: "Mama, siku ya tano nitakupa kilo 150, na kilo 50 siku ya pili ya wiki ijayo. Unakubali?" Boni ikiandikwa, ubao unabadilishwa dakika ileile. Mzigo wa kilo 100 ukitoka, iliyoko inashuka, iliyoahidiwa nayo inashuka, lakini iliyo huru haiguswi. Kama imeguswa, kuko mahali mumekosea kuandika, na mutaona siku ileile badala ya kuona mwisho wa mwezi.

4. Siku ya kupeleka na saa ya kufunga. Depo inayopeleka kila siku na kila saa inakula faida yake yote njiani. Wekeni siku mbili kwa wiki, kwa mfano siku ya pili na siku ya tano, na komande zifungwe saa sita ya mchana siku moja mbele. Wateja watano wa njia moja, ukiwapeleka kwa siku tano tofauti, unalipa moto mara tano. Ukiwaweka siku moja, unalipa safari moja ya taksi ao ya motokari inayopanda mjini, na kila mteja anabeba sehemu yake ndogo. Na munajua vile baria za njiani zinakula. Safari moja inapita mara moja tu. Mchana ule unaobaki kisha kufunga ni wa kupima, kufunga mifuko na kuhakikisha, bila mtu kupiga telefone akiongeza hiki na kile. Aliyechelewa anaandikwa kwa safari inayofuata.

5. Mizani. Sokoni tunapima kwa gigozi, shule inaomba kwa kilo, na mwanachama analeta kwa besani. Vipimo vitatu katika depo moja ni ugomvi uliopangwa. Depo ipime kila kitu kwa kilo, kikiingia na kikitoka, na bei iandikwe kwa kilo. Hapa ninaongeza neno la kilimo. Gunia la kilo 100 za maharagi yenye maji 18 kwa mia, likikauka mpaka maji 13 kwa mia, linabaki karibu kilo 94. Hakuna aliyeiba zile sita. Zimekwenda na upepo. Lakini kama uliziahidi, ni deni lako. Kwa hiyo musipokee mbegu mbichi kwa bei ya kavu. Kipimo cha bei ndogo ni chupa kavu na chumvi kavu: weka konzi ya mbegu na chumvi kidogo, funga, tikisa, acha itulie. Chumvi ikishikamana kwenye chupa, mbegu iko bado na maji mengi, irudi juani.

6. Kamba na karatasi. Mufuko ukikwisha kupimwa kwa ajili ya mteja, ufungwe karatasi yenye namba ya boni, na uwekwe pembeni ya stoki nyingine, juu ya mbao, mbali na ukuta. Kama kati ya wafanyakazi kuko asiyesoma vizuri, tumieni kamba za rangi: nyekundu kwa njia ya Kadutu, buluu kwa njia ya Nyawera. Mmoja asome boni kwa sauti, mwingine apime. Yule anayepima asiwe yeye peke yake anayeandika. Na kila gunia linaloingia liandikwe tarehe, ili lililotangulia kuingia litangulie kutoka. Tukichukua sikuzote gunia lililo karibu na mlango, lile la nyuma linabaki mpaka wadudu walitoboe, na siku moja mteja anafungua mufuko na kuona vumbi. Kwa stoki ya kukaa miezi, mifuko ya PICS yenye tabaka tatu inaua wadudu bila dawa, maana inawanyima hewa.

7. Pesa. Mteja mpya atoe avansi mbele ya mufuko kufungwa. Pesa ya telefone, M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, iingie kwenye namba ya koperative, si kwenye namba ya mtunza depo. Kwa sababu tunauza kwa franka na kwa dola, boni iseme ni pesa gani, na kama ni kubadilisha, iseme kwa kiasi gani siku ile. Mteja ambaye hajalipa boni iliyopita asipewe nyingine. Kanuni hiyo ipitishwe na mkutano na ibandikwe ukutani, kwa sababu inamlinda mtunza depo. Shemeji yake akija kuomba mifuko mitatu kwa deni, hana haja ya kugombana naye. Anaonyesha ukuta.

Mboga zivunwe nyuma ya komande

Maharagi yanaweza kungoja. Lengalenga haingoji, sombe haingoji, nyanya iliyoiva inangoja kidogo tu. Na bado ninaona depo zinapokea mboga kwanza, kisha zinatafuta mteja. Jioni nusu imenyauka, na bei inashushwa ili isitupwe. Kwa mboga, tugeuze mwendo: komande ifike shambani mbele ya kisu.

Inawezekana bila mashini. Komande za siku ya pili zinafungwa siku ya kwanza saa sita. Mtunza depo anajumlisha: tuseme kabichi 80. Anaangalia ni kundi gani liko na kabichi zilizokomaa, anagawanya 30, 30 na 20, na anatuma ujumbe mfupi kwa wakubwa wa makundi matatu. Watu wanavuna jua likipungua, ao alfajiri kwa zile mboga za majani, wanaweka kivulini bila kurundika, na asubuhi mzigo unaondoka. Zilizobaki zinabaki shambani. Kabichi iliyokomaa inaweza kungoja siku kadhaa juu ya mzizi wake kuliko juu ya sakafu ya depo. Ikikawia sana tu njo inapasuka. Na kugawanya hivi kunatuliza mioyo, maana kila kundi linaona limepata sehemu yake, na kaye inaonyesha ni nani aliyepewa kidogo wiki iliyopita ili wiki hii aanze yeye.

Kuko faida nyingine ya kaye, inayonifurahisha mimi agronome. Kisha mwaka mmoja wa boni, koperative inajua ni nini watu waliomba, mwezi gani, na ni nini tulikosa kuwapa. Kama kila mwaka mwezi wa tisa shule zinafungua na interna zinaomba maharagi ya rangi moja, na sisi stoki yetu imeisha mwezi wa saba, basi hesabu ya sizoni B ianzie pale: hekta ngapi, mbegu gani, kilo ngapi zisiuzwe mwezi wa sita wakati bei iko chini. Ninaweza kuja na kutoa mashauri ya kupanda, lakini kaye ya mwaka mmoja itawashauri vizuri kuliko mimi.

Tujifunze kusema hapana

Kwetu ni vigumu kumwambia mgeni hapana. Tunaona ni kumkosea heshima. Lakini ndiyo ya uongo ni kosa kubwa kuliko hapana ya adabu. Mteja aliyeambiwa siku ya kwanza kwamba nusu tu ndiyo iko, ana siku tatu za kutafuta nusu nyingine. Mteja aliyejua siku ya tano asubuhi, mbele ya watoto mia tatu wa interna, hana kitu cha kufanya, na hatasahau.

Kwa hiyo depo iwe na desturi moja: kama kitu kimekosekana, mteja ajue mbele ya kuuliza. Mvua imekata njia, mwanachama hakuleta, mifuko imelowa, chochote kile: mtunza depo apige telefone mara anapojua, aseme kilo ngapi ziko na lini nyingine zitafika. Vitengo vya telefone vya wiki nzima havifikie bei ya mteja mmoja aliyepotea.

Majibu kwa wenye mashaka

"Sisi ni wadogo, komande kumi kwa wiki, kichwa kinatosha." Komande kumi zenye kilo, bei, siku na deni ni mambo arobaini ya kukumbuka. Na kichwa kikipatwa na malaria, depo yote inalala.

"Wateja wetu hawatakubali saa ya kufunga." Wengine watanung'unika wiki mbili. Lakini wanakubali saa ya bato la ziwani, maana wanajua likiondoka limeondoka. Wakiona depo inafika kweli siku ya pili na siku ya tano, watapanga jikoni yao juu ya siku hizo. Shida ni pale ambapo sisi wenyewe tunafungua mlango kwa rafiki mmoja kisha saa. Kesho yake kanuni imekufa.

"Boni na ubao ni kutuonyesha kwamba sisi ni wezi." Neno hili ninalisikia kwa watu waaminifu, na linaniumiza. Ninalijibu hivi: mtunza depo asiye na karatasi ndiye anayeshitakiwa kila mwaka kwenye mkutano mkuu, na hana kitu cha kujitetea. Zile kilo sita zilizokwenda na upepo, bila mizani na bila kaye, zitakuwa juu ya kichwa chake. Karatasi ni shahidi wake.

"Na siku ile tutakua?" Mukikua, ni furaha. Kaye ikishindwa kuwabeba, yaani mtu mmoja anakosa saa za kujumlisha boni za siku, hapo muanze na jedwali ndani ya telefone ambayo tayari muko nayo. Programu za jedwali za bure ziko. Sehemu zake zitakuwa zilezile za ubao. Aliyezoea ubao ataelewa jedwali kwa siku chache. Asiyezoea ubao, hata umpe kompyuta ya bei gani, atachapa makosa yaleyale kwa haraka zaidi.

Neno kwa mashirika, neno kwa wanachama

Kwa wenzangu wa mashirika ya misaada: tuache kuhesabu maendeleo ya koperative kwa idadi ya mashini tulizogawa mbele ya kamera. Mizani nzuri yenye kukaguliwa kila mwaka, mbao za kuwekea mifuko, turubai ya kukaushia, vitabu vya boni, telefone moja ya depo, na mtu wa kukaa na timu kwa miezi mitatu mpaka wazoee: hivyo njo vitu ninavyotaka tulipie kwanza. Havipendezi kwenye picha. Lakini mradi ukiisha, vinabaki vinafanya kazi, na koperative inaweza kuvinunua upya kwa pesa yake.

Kwenu wanachama: depo ni yenu, na kuuliza ni haki yenu. Sheria ya OHADA juu ya makoperative, iliyopitishwa mwezi wa 12 wa mwaka 2010 na inayotumika kwetu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, imeweka nafasi ya wanachama wa kuangalia kazi ya viongozi. Lakini kuangalia bila namba ni kelele. Kwenye mkutano ujao ulizeni namba tatu tu za mwezi uliopita: komande ngapi zilipokelewa, ngapi zilifika zote na kwa siku yake, na kilo ngapi zilikosekana. Tuseme mtunza depo anajibu: 40 zilipokelewa, 31 zilifika sawasawa, 5 zilifika pungufu, 4 hazikufika. Maana yake watu 9 kati ya 40 walipata chini ya ahadi yetu. Musimfokee. Muulize zile 9 zilikwama wapi: ni mlango wa pili uliofunguliwa, ni mwanachama ambaye hakuleta, ni mizani, ni njia? Kisha mutengeneze kitu kimoja, na mwezi unaofuata muulize tena.

Na kama hakuna anayeweza kujibu zile namba tatu, basi munajua kazi ya kwanza ni ipi. Kaye inapatikana sokoni, na siku ya kwanza ya wiki ijayo si mbali. Ile boni ya namba 1 iandikwe siku hiyo.